Korongo Aliyeinamisha Kichwa

Nsambya, Ijumaa, saa tisa alasiri

Mwanangu Nekesa,

Umeshuka Nakawa na mama yako kutafuta sabuni na viatu, na ninavyomjua mama yako kwa kupatana bei, nina saa mbili, pengine tatu. Nimeketi kwenye meza yako ya kusomea. Sanduku lako liko kitandani, limefungwa kamba niliyoipima mwenyewe ili fundo likae katikati kabisa. Usicheke. Tangu ukiwa mdogo umenicheka kwa tabia hii ya kupima kila kitu, na leo nitakueleza imetufikisha wapi.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia pesa uzifiche wapi, ujibu nini kwenye vizuizi vya askari, unyamaze mbele ya nani mpaka uvuke Malaba. Amekuambia mara tano, na mimi nikiongeza ya sita itakuwa kelele. Nina jambo moja tu, nimelibeba miaka minne. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi wangu nimeuficha mpaka mtoto niliyemzaa amekua, amefunga sanduku, na anakwenda kuishi kwa mtu niliyemkosea.

Nianze na mwisho, maana nikianza na mwanzo nitajipaka rangi nzuri, na kupaka rangi ndiyo kazi yangu. Aliyemtaja Mwalimu Akello kwa wale watu ni mimi. Si Mama Zaitun. Ni mimi baba yako, mchana kweupe, bila kupigwa hata kofi moja.

Sasa kama bado unasoma, nikueleze ilivyokuwa.

Unaukumbuka uwanda uliokuwa chini ya Bugolobi kabla ya maghala. Upande mmoja viwanda, upande mwingine mafunjo ya kinamasi, na katikati nyasi zinazofika kiunoni mwa mtu mzima. Nilipita pale kwa baiskeli miaka minane na sikuona kitu ila majani. Mwalimu Akello alipohamia nyumba ya mwisho ya mstari wetu na kuanza kufundisha darasa lenu, Jumamosi ya kwanza tu akawapeleka huko na madaftari. Ulirudi na matope hadi magotini, ukinieleza habari za ua jekundu ambalo petali zake zimejikunja kurudi nyuma kama ndimi za moto, na la zambarau linalosimama peke yake juu ya kijiti, na la njano dogo linalojifunga jua likiwa kali. Lile la zambarau, Mwalimu alisema, hajaliona popote pengine hapa mjini, na kila msimu lilikuwa linapungua. Nilikuuliza kama umefanya hesabu zako.

Kisha wapima ardhi wakaja, wakapigilia vigingi vyao. Siku zile, na hata leo, nani angeandika barua ya kulalamika? Mwalimu hakulalamika. Alikwenda nyumba hadi nyumba katika nyumba hizi zetu za reli, akasema kwamba kama uwanda hatuwezi kuuzuia usiondoke, angalau tuuweke mahali ambapo kila mtu ataupita. Mahali hapo pakawa ukuta wa ukumbi wetu, ule unaotazama barabara.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na mimi nilikuwa wa kwanza kuubeza. Kila nyumba ilipewa ua moja. Wenye nyumba walichore wenyewe, mama na watoto, na chini yake waandike jina linaloitwa kwao, Kiacholi, Kilugbara, Kijaluo, Kiganda, chochote. Nyumba ambayo kwao ua hilo halina jina ililazimika kulitungia jina. Sisi, kwa kuwa mama yako ni wa ukoo wa ng'aali, na kwao korongo huyo mwenye taji haliwi wala hatupiwi jiwe, tulipewa ndege. Palikuwa na jozi moja tu iliyobaki uwandani. Mama yako alifurahi kama aliyepewa kiwanja.

Rangi hazikuwepo. Hata chumvi ilikuwa haipatikani, sembuse rangi. Mlikwenda kuchimba udongo mwekundu nyuma ya kilima, mkasaga mkaa, mkachanganya na uji wa muhogo ili ushike. Zambarau ilikosekana kabisa mpaka Mama Zaitun akatoa bluu yake ya kufulia, pakiti nzima. Mumewe ni askari jeshi na lazima shati lake jeupe la Ijumaa ling'ae. Lakini alitoa. Ulirudi nyumbani vidole vyako vikiwa vya buluu, ukanisimulia, na chini ya kitanda changu palikuwa na makopo manne ya mabaki ya rangi kutoka karakana. Nilikuambia ni mali ya serikali. Yalikuwa mabaki, Nekesa. Yalikauka mle mle kwenye makopo, nikayatupa.

Kwa nini nilikataa? Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara jibu linanitia aibu zaidi. Mimi ndiye mwandika mabango. Namba zote za mabehewa yanayopita Kampala, nusu yake ni mkono wangu. Nembo kwenye milango ya magari ya wakubwa, ile yenye korongo, ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa naichora kwa uzi na chaki, vipimo vyake navijua hata nikiwa usingizini. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama kutazama namba ya behewa. Kwenye ukuta wenu watu walisimama. Walioshuka kutoka misa walisimama, wauguzi wa hospitali walisimama, wenye baiskeli waliweka mguu chini. Maua yamepinda, mengine makubwa kuliko nyumba, herufi zinapanda na kushuka, na watu wanatabasamu. Mimi nilipita hapo kila siku nikiona makosa tu. Nyani haoni kundule, na mimi sikuona kwamba ule ulikuwa wivu. Mtu mzima, fundi, naonea wivu watoto na wake za watu wenye mkaa.

Basi siku moja akaja mkubwa mmoja. Jina lake silijui na ofisi yake hatukuwa tunaitaja. Mlango wa gari lake ulikuwa umekwaruzwa, akanifuata nyumbani ili niende karakana kurekebisha nembo. Alisimamisha gari mbele ya ukuta. Mimi nikadhani mambo yameharibika. Lakini alishuka, akatembea polepole kutoka ua hadi ua, mikono nyuma, kisha akagusa lile la zambarau.

"Hii maua iko kwetu pia," akasema. "Mama yangu nafunga ng'ombe karibu yake."

Nilimwona uso wake, mwanangu. Alikuwa amelegea. Alikuwa karibu kurudi kwenye gari. Dakika moja zaidi, na ukuta ule ungekuwa umepata mlinzi badala ya adui. Akanigeukia kwa upole akauliza, "Ni wewe mzee nachora hii?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema ni watoto. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi hata sikujikwaa, nilitembea mwenyewe. Nilichokiona mbele yangu ni kwamba mkubwa huyu anadhani kazi iliyopinda vile ni ya mkono wangu. Nikasema, na maneno yangu nayakumbuka yote:

"Hapana, afande. Mimi siwezi kuchora hivyo. Tazama huyo korongo. Wa bendera anatazama mlingoti, mguu mmoja juu, kichwa juu. Huyu miguu yote iko chini, na ameinamisha kichwa."

Alikuwa hajaliona. Nakuapia hakuwa ameliona. Alimtazama yule ndege, akanitazama mimi, na ule uso uliolegea ukafungwa.

"Ameinamisha kichwa," akasema. "Korongo ya Uganda nainama. Nainamia nani?"

Nilijaribu kucheka. Nikasema labda hawajui kuchora. Akatoa kijitabu mfukoni akauliza nani ndiye mkubwa wa kazi hii. Nikasema, "Ni mwalimu mmoja, Akello, nyumba ya mwisho." Hivyo tu. Kisha tukaenda karakana nikarekebisha mlango wake, na aliusifu sana.

Siku ya tatu walimchukua Mwalimu kutoka darasani, mbele yenu. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo, kwa hiyo hilo unalijua kuliko mimi. Jioni ile ile ikaja amri kwamba ukuta upakwe chokaa, na nani mwingine wa kuupaka?

Hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba niliichanganya nyepesi, ili mvua ya kwanza iioshe na picha irudi. Fundi yeyote anajua namna ya kufanya hivyo. Chokaa bila chumvi na bila gundi haidumu miezi miwili. Hakuna aliyenisimamia. Lakini niliweka gundi, na chumvi niliyoiazima karakana, chumvi ambayo mama yako alikuwa akiitafuta sokoni wiki nzima. Nikapaka mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Niliogopa, ndiyo, lakini woga peke yake haupaki mkono wa tatu. Ule wa tatu ulikuwa wa kiburi, kwamba kazi yangu isionekane mbaya.

Nilimwacha korongo mwisho. Nilipoinama kupaka chini ya mdomo wake, kwenye nyasi, nikaona kitu nilichokuwa sijakiona siku zote nilizopita pale nikihesabu makosa. Kilikuwa kifaranga. Kidogo, cha udongo wa kahawia, shingo imenyooka juu, mdomo wazi. Nikaujua mkono uliomchora, maana macho ya viumbe wako wote ulikuwa unayachora makubwa mno. Ulimweka chini sana, pale ulipofika urefu wako wa kuchuchumaa, na mama yako ikambidi amwinamishe korongo ili amfikie. Hakuwa anamwinamia mtu yeyote. Alikuwa anamlisha mtoto.

Brashi ilikuwa imejaa. Nikampaka.

Halafu wewe ukaja. Ulisimama nyuma yangu na sare ya shule, ukaniuliza, "Baba, nani alisema?" Nilikujibu kwamba hapa watu ni wengi. Kisha nikageuza macho, nikatazama mlango wa Mama Zaitun. Sikutaja jina lake. Miaka hii yote nimejitetea moyoni kwamba sikutaja jina. Lakini ulifuata macho yangu, na kufika Jumapili mstari mzima ulikuwa unajua kwamba mke wa askari ndiye aliyechongea. Wanawake wakaacha kumwazima makaa. Mwanawe Zaitun akakosa wa kucheza naye. Wewe, niliyekulea uamkie hata mlevi, ulimpita bila salamu, mama aliyekupa bluu. Nilikuona kwa macho yangu ukimpita, na nikaendelea kunoa penseli. Baada ya miezi mitatu walihama kwenda Nakawa. Siku ya kuhama alikuja mlangoni kumuaga mama yako, akasema tu, "Mama Nekesa, Mungu anaona." Mimi nilikuwa ndani. Nilijifanya nimelala, saa nne asubuhi.

Mwalimu alirudi siku ya kumi na moja. Vidole viwili vya mkono wake wa kuume havikufunga tena, ndiyo sababu barua zake kwako zimeandikwa vile, si kwa haraka kama ulivyodhani. Watu waliogopa kumtembelea. Mimi nilikwenda. Nilipeleka sukari nusu kilo niliyoipata kwa shida, nikamkalisha, nikamchemshia chai. Alilia. Alinishika mkono kwa ule mkono wake akasema mimi peke yangu ndiye niliyekumbuka utu. Na mimi nikaipokea shukrani hiyo, Nekesa, nikaiingiza mfukoni nikatoka nayo. Wiki iliyofuata alivuka mpaka. Ile barua yake ya mwezi jana, ambamo anasema uende ukae kwake usome, imeandikwa mwishoni kwamba anafanya hivyo kwa ajili yako na kwa ajili ya baba yako mwenye moyo. Uliisoma kwa sauti hapa mezani, ukanitazama kwa fahari.

Mama yako anajua. Nilimwambia siku ile barua ilipokuja, nilipoona siwezi tena kuficha. Hakunifokea. Siku ya nne, akiwa anamenya matooke, akasema bila kuinua macho, "Taata Nekesa, huyo ng'aali ni ndugu yangu. Alikuwa nakula tu na mtoto wake. Ungemwacha amalize." Akaendelea kumenya. Neno hilo limenikaa mwilini kuliko kifungo.

Uwanda wenyewe unajua ulivyokwisha. Maghala yalijengwa, mengi yakiwa matupu, maana siku hizi hakuna cha kuweka. Msimu wa kwanza baada ya saruji wale korongo wawili walikuja, wakazunguka juu mara kadhaa wakilia, wakaenda upande wa ziwa. Sijawaona tena. Kuna jioni nilishuka hapo kwa baiskeli nikatafuta lile ua la zambarau kando ya ukuta wa maghala, nimechuchumaa kama mtu aliyeangusha funguo. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Ningemtajia nini? Hata jina la ua lile kwetu sikuwahi kumuuliza mama yangu wakati bado yuko hai. Maua yale nilijifunza kuyaona siku niliyokuwa nayapaka chokaa, moja baada ya jingine, na sasa nayajua yote, lakini hayapo ukutani wala ardhini.

Kama baba napaswa kukupa somo hapa. Sina la maana. Nitakuambia tu nilichokigundua juu yangu: nilikuwa natazama mambo kwa kutafuta kilichopinda, na mtu akitafuta hicho hakosi. Wewe una macho ya mwalimu wako, unaona kifaranga kwanza. Yatunze. Na ikiwa siku moja utajikuta unasahihisha kazi ya mtu mbele ya mwenye nguvu, hata kama una haki, hata kama mguu kweli umekosewa, umkumbuke baba yako, ufunge mdomo.

Mpango wangu ulikuwa kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, uikute ukiwa umeshavuka, mimi nikiwa mbali, salama, na umeshanikumbatia kwenye kituo cha basi. Nilikuwa nimeshafungua kamba. Kisha nikaona kwamba huo ni ujanja ule ule wa kupokea nisichostahili na kutoka nacho. Nimeifunga kamba tena. Barua hii nitakupa mkononi, leo, mkiingia.

Jumapili nitakwenda Nakawa kwa Mama Zaitun. Nitamwambia yeye, na nitamwambia mbele ya mumewe, kisha nitarudi hapa niwaambie majirani kwenye mlango wa ukumbi baada ya misa. Mumewe ni askari na mimi ni Mkenya, na mwaka huu wa ugomvi na Kenya si mwaka mzuri kwa Mkenya kujitia mdomoni mwa askari. Naogopa. Lakini yeye alitembea na jina langu la mchongezi mgongoni miaka minne, sioni kwa nini mimi nisitembee hadi Nakawa.

Kwa Mwalimu Akello sikuombi uniombee msamaha. Mpe barua hii aisome yote, na ile sehemu ya chokaa usiiruke. Akikufukuza kwa ajili yangu, kwa shangazi yako Bungoma kuna kitanda, mama yako ameshapanga. Sidhani atakufukuza. Hiyo nayo ni aibu yangu nyingine, kwamba namjua vizuri kiasi hicho.

Nasikia sauti ya mama yako uani, anabishana na mtu juu ya bei hata baada ya kufika nyumbani. Chukua, kaa kwenye kiti hiki, usome polepole. Nitakuwa nje kwenye ngazi. Sitaingia mpaka uniite, na usiponiita si lazima.

Kesho basi linaondoka saa moja asubuhi. Ukitaka nikubebee sanduku, usiku huu lisogeze lilale mlangoni. Nikilikuta kitandani pale pale lilipo sasa, nitajua, nitamwamsha mama yako akusindikize, nami nitabaki hapa kwenye ngazi niwatazame mkishuka.

Baba yako